Dogo yuko fomu siksi? Anzeni kusaka ufadhili wa chuo sasa hivi

Wazazi, msisubiri matokeo. Kwanza mwambie kijana anaweza, tena mwambie kila mara, maana wengi wanakata tamaa kabla hata ya kuomba. Samia Scholarship, ule ufadhili wa serikali, inajulikana ila ni ya waliofaulu sana sayansi, na hela ya HESLB (Bodi ya Mikopo) ni mkopo utarudishwa, sasa nyie chungulieni pia tovuti ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na ya Wizara ya Elimu, huko wanatangaza nafasi za ufadhili wa kusoma nje kama za China na watu hawasomi kabisa, inaniuma kweli. Ulizeni hata kanisani, msikitini, saccos ya baba. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, na barua ya mwalimu ya kumpendekeza kijana aiombe kabla hajatoka shule.