Upepo wa tairi za pick-up ya mizigo: namna ya kupata namba inayolingana na uzito wako

Simama kwa fundi pancha yeyote, muulize pick-up inajazwa upepo kiasi gani, atakujibu papo hapo: "Thelathini na tano." Nami niliitumia namba hiyo kwa miaka. Siku moja nikatoka Ilula na matenga ya nyanya, nikateremka Kitonga salama, jua la saa saba mchana likanikuta Ruaha Mbuyuni, na tairi ya nyuma kushoto ikapasuka. Nilipoivua, ubavu ulikuwa umechanika mzunguko mzima, na ndani mpira umesagika unga mweusi. Hapakuwa na msumari. Tairi ilikuwa na upepo wa 35 chini ya mzigo unaotaka 45 na zaidi.

Kinachobeba mzigo ni upepo uliofungiwa ndani ya tairi. Ukiwa pungufu, ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, kujikunja huko kunazaa joto, na joto linauachanisha mpira na nyuzi zake. Ndiyo maana namba sahihi hutoka kwenye uzito ulioikalia ekseli ile, safari ile. Utaipata hivi.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha gari

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu yake. Magari mengine kibandiko kipo kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Gari zetu nyingi zimetoka Japani na maandishi ni ya Kijapani, lakini saizi ya tairi na namba za upepo kwa kPa (kilopaskali) zinasomeka. Gawanya kPa kwa 6.9 upate psi, kipimo cha ile 35 ya fundi pancha: 240 ni kama 35, 350 ni kama 51, 450 ni 65. Ikiwa kimeandikwa bar, zidisha kwa 14.5.

Kibandiko kinazungumzia saizi ya tairi iliyotoka na gari kiwandani. Ikiwa bado unatumia saizi na aina ileile, fuata kibandiko, hasa safu ya gari lenye mzigo. Ukibadilisha, endelea na hatua zinazofuata, ila namba ya kibandiko ya gari tupu iweke akilini. Hiyo ndiyo sakafu yako, usishuke chini yake barabarani.

Hatua ya 2: Soma ubavu wa tairi

Chukua tairi ya 195R14C 106/104, 8PR (daraja la uimara wa tairi), ambayo pick-up nyingi zinavaa. Herufi C inamaanisha tairi ya kazi, ya kubeba mzigo. 106 ni kilo 950 kwa tairi moja inapokaa peke yake upande mmoja. 104 ni kilo 900 kwa kila tairi zikifungwa mbilimbili. Uzito huo unabebwa kwa upepo uliochapwa hapohapo ubavuni, kwa tairi hii kPa 450, yaani psi 65.

Ukikuta tairi haina C wala LT (nayo ni alama ya tairi ya mzigo), ni ya gari ndogo. Kuijaza hadi 50 hakuifanyi iwe ya mzigo, na nakusihi usiifunge nyuma ya pick-up inayopakia. Ukiwa umeinama hapo, soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa tairi za mitumba hili ni muhimu kuliko meno kuwa marefu, maana tairi iliyokaa stoo miaka kumi hung'aa kama mpya.

Hatua ya 3: Pima uzito, ekseli kwa ekseli

Hapa ndipo wengi wanakisia, na kukisia ndiko kulikonipasulia tairi. Wanunuzi wa mazao na machimbo ya kokoto mara nyingi wana mizani ya magari. Omba ukiwa umepakia mzigo wako wa kawaida. Panda na magurudumu ya mbele peke yake, andika. Kisha nyuma peke yake, andika. Rudia siku ambayo gari ni tupu. Dereva na utingo wawemo ndani, kwa sababu nao ni uzito.

Pick-up yangu ikiwa na mzigo ilisoma kilo 900 mbele na 1,320 nyuma. Tupu, nyuma ilikuwa 640. Tazama tofauti ile: mzigo karibu wote umeikalia ekseli ya nyuma. Anayejaza namba moja mbele na nyuma lazima akosee upande mmoja.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Gawanya uzito wa ekseli kwa idadi ya tairi zake. Kisha gawanya jibu kwa uwezo wa tairi, na uzidishe kwa upepo uliochapwa ubavuni.

Nyuma na mzigo: 1,320 ÷ 2 = 660. Halafu 660 ÷ 950 × 65 = 45.
Mbele na mzigo: 450 ÷ 950 × 65 = 31.
Nyuma tupu: 320 ÷ 950 × 65 = 22.

Ile 22 usiitumie. Iko chini ya sakafu ya kibandiko. Juu ya 45 mimi huongeza psi 3 hadi 5, kwa kuwa matenga hayakai sawasawa na upande mmoja huelemewa. Kwa hiyo nyuma naweka 48. Mbele naweka 33. Hesabu ikikupeleka juu ya namba ya ubavuni, punguza mzigo au nunua tairi yenye uwezo mkubwa zaidi.

Hatua ya 5: Jaza tairi ikiwa baridi

Baridi maana yake gari limeegeshwa angalau saa tatu, au limetembea chini ya kilomita mbili. Alfajiri ndio wakati wake. Kila nyuzijoto 10 za Selsiasi zikipanda, tairi ya 45 inaongeza karibu psi 2 hata ikiwa imeegeshwa tu, hivyo namba ya saa nane mchana juani si namba ya alfajiri.

Nunua geji yako. Geji ya kituo inaangushwa chini mara ngapi kwa siku? Tairi za nyuma zikiwa mbilimbili, pima ya ndani pia. Hiyo ndiyo inayosahaulika, na ikilegea mwenzake anabeba mzigo wa wawili bila wewe kuona chochote kwa nje.

Hatua ya 6: Pima tena njiani

Baada ya saa moja ya mwendo wa kawaida, simama upime. Tairi niliyoijaza 48 ikisoma kati ya 53 na 55, natulia. Ikiwa imepanda kwa zaidi ya 8, inachemka: ilianza na upepo mdogo, au mzigo umezidi, au ninakimbia mno. Ninapunguza mwendo, na kesho alfajiri naanza na upepo zaidi.

Usitoe upepo kwenye tairi ya moto kwa sababu geji imesoma juu. Ukiirudisha 48 ikiwa moto, ikipoa itakuwa kama 42, na kesho itajikunja na kuchemka kuliko leo.

Baada ya miezi miwili

Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi. Yakilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Yakilika katikati, ulikuwa mwingi. Hii huwapata wanaorudi tupu na upepo wa mzigo. Gari tupu lenye 48 nyuma linarukaruka kwenye rasta na kuteleza kwenye lami yenye mvua, basi ukishashusha mzigo sokoni, subiri tairi zipoe, kisha uteremshe upepo. Upande mmoja tu ukilika, hapo tatizo ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawasawa.

Tairi ya spea ijaze namba kubwa uliyoipata, ile ya nyuma yenye mzigo. Kupunguza upepo porini kunahitaji kijiti tu cha kubonyeza valvu. Kuongeza kunahitaji kompresa, na pale Mbuyuni siku ile spea yangu ilikuwa na 20.