Kurambaza nguru kwa mshipi wa mkono: waya, chuchunge na mwendo wa boti

Kurambaza ni kuvuta chambo majini nyuma ya boti inayokwenda. Nguru hamezi chambo kizima kama afanyavyo chewa. Huja kwa kasi kutoka nyuma, akakata mkia kwanza, kisha akageuka kuokota kilichobaki. Aliyefunga ndoana moja kichwani mwa chambo husikia mshtuko mmoja mkononi, akivuta anapata kichwa cha chuchunge (samaki mdogo mwembamba mwenye mdomo mrefu) kilichokatwa kama kwa wembe. Watu husema siku hiyo bahati haikuwapo. Mara nyingi kilichokosekana ni ndoana ya pili.

Mshipi

Nailoni ya milimita 0.9 hadi 1.0 inatosha, mita 100 kwa kila mshipi. Hiyo hubeba kilo 35 hadi 45. Nguru wengi wanaopatikana ni wa kilo 4 hadi 12, kwa hiyo mshipi mwembamba ungewaweza, ila ungekukata vidole. Unene huo ni kwa ajili ya mkono wako. Ukunje kwenye beseni au ubao, usiuache sakafuni mwa boti penye miguu, na kamwe usiuzungushe kiganjani. Vidole vivalishe vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli.

Tyubu hiyohiyo ina kazi nyingine kubwa zaidi. Kata ukanda wa upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 50, funga upande mmoja kwenye nguzo au kiti cha boti na upande wa pili kwenye mshipi. Mshipi wenyewe ufunge pia moja kwa moja kwenye nguzo, lakini uache ulegee mita moja hivi sambamba na mpira. Nguru akipiga, mpira hunyooka kwanza na kupokea ule mshtuko. Pasipo mpira, boti inakwenda mbele, samaki anakwenda nyuma, na kinachoachia ni ama ndoana ama nyama ya mdomo wake.

Waya

Tumia waya wa uzi mmoja usioshika kutu, milimita 0.45 hadi 0.5, urefu wa sentimita 60 hadi 70. Mfupi kuliko hapo, nguru akiruka mbele ya chambo anakata nailoni. Mrefu kuliko hapo unapinda hovyo na kuharibu mwendo wa chambo.

Waya haufungwi fundo, husokotwa. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoana, shika kitanzi kwa koleo, kisha sokota nyaya mbili kwa pamoja mara 5 au 6, zote mbili zikizungukana sawasawa. Ukiona mmoja umenyooka na mwingine ndio unaouzunguka, fungua uanze upya, kwa sababu msokoto wa namna hiyo huteleza. Malizia kwa mizunguko 5 iliyobanana, kisha pinda ncha kama mpini wa kuzungushia na uizungushe hadi ivunjike yenyewe. Ukikata kwa koleo unabaki na mwiba utakaokuchana mkono siku nzima.

Kuunga waya na nailoni weka swiveli (kiungo kinachozunguka) ndogo, nyeusi. Ile ya kung'aa inavutia macho zaidi lakini nguru huishambulia kama dagaa, na hapo mshipi unakatika juu ya waya.

Waya wowote uliopinda kona kali, tupa. Hata ukiunyoosha utakatika palepale.

Kuvalisha chuchunge

Chuchunge wa sentimita 25 hadi 30 ndiye chambo cha kwanza. Vibua wadogo nao wanafaa, na kipande cha ubavu wa sehewa kilichochongwa mfano wa samaki kinafaa wakati hakuna kingine. Chagua chuchunge mwenye macho maangavu na tumbo gumu. Mpake chumvi ya mawe na umlaze kwenye baridi usiku mmoja. Nyama hukaza na hudumu majini muda mrefu zaidi.

Kwanza mminye tumbo kuanzia kichwani kwenda nyuma mpaka uchafu utoke. Halafu mkunje kushoto na kulia mara kadhaa ili uti wa mgongo ulegee, maana chuchunge mkakamavu haogelei, anaburutwa tu.

Ndoana kubwa iwe namba 7/0. Unaposokota waya kwenye tundu lake, hapa usivunje ncha yote: acha sentimita 2 isimame wima. Kabla ya kumvalisha, pima ndoana kwa nje ubavuni mwake, tundu likiwa chini ya taya, uone ncha itatokea wapi tumboni. Inua kifuniko cha shavu, ingiza ndoana ndani, isukume ifuate tumbo, na uitoe katikati kabisa ya mstari wa tumbo. Ile ncha ya waya ipitishe taya la chini na la juu itokeze. Zungushia waya mwembamba wa shaba kwenye mdomo na ncha hiyo hadi vishikane, kisha vunja ule mdomo mrefu. Pale ndoana inapotokea, chana tumbo kidogo kwa urefu ili ndoana isimvute na kumkunja.

Sasa ndoana ya pili. Iwe ya pembe tatu, namba 1/0, kwenye waya wa sentimita 12 hivi uliosokotwa katika tundu la ndoana ya kwanza. Ilaze ubavuni na uchomeke pembe moja tu, juujuu, sentimita 5 kabla ya mkia. Waya huu lazima ulegee kidogo. Ukikazwa, chuchunge anapinda, anazunguka kama feni, na baada ya robo saa mita zote 100 zimesokotana.

Ukitaka azame kidogo, funga chubwi la gramu 10 hadi 15 chini ya kidevu. Kisha mjaribu ubavuni mwa boti kabla ya kumwachia. Akielea wima na kutikisa mkia, mwachie. Akizunguka, mrudishe, tisa kati ya kumi ni ndoana iliyotoka pembeni badala ya katikati.

Mwendo na umbali

Chuchunge aliyekufa anataka kilomita 6 hadi 8 kwa saa. Kibua hai, 2 hadi 4 tu. Samaki wa bandia wa sentimita 14 hadi 18 mwenye ulimi wa plastiki, mfano wa Rapala, huenda 9 hadi 12. Akizidishiwa mwendo hulala ubavu na kuruka juu ya maji. GPS ya simu inatosha kupima, lakini kumbuka inasoma mwendo juu ya ardhi, wala haijui mkondo. Ukienda kinyume na mkondo wa kilomita 3 kwa saa, simu ikisema 6, chambo kinapita majini kwa 9. Kwa hiyo tazama chambo kuliko simu. Mashua ya tanga yenye upepo wa wastani huwa ndani ya mwendo huu bila shida, tena haina kelele.

Mishipi mitatu inatosha boti ndogo: mmoja mita 20 nyuma, wa pili 35, wa tatu 50. Ule wa karibu uwekee chubwi la gramu 300 hadi 500, mita 6 mbele ya chambo, uende chini; nguru hukaa kina cha mita 5 hadi 15 hasa jua likishapanda. Geuza boti kwa duara pana. Mgeuko una faida yake pia: mshipi wa ndani hupunguza kasi na kuzama, wa nje huongeza kasi na kupanda. Ukipigwa kila mara upande wa ndani, punguza mwendo.

Kila dakika 15 vuta uangalie. Jani moja la mwani kwenye ndoana linatosha kukunyima samaki asubuhi nzima, na hutajua.

Wapi na saa ngapi

Rambaza ukingo wa mwamba, pale kina kinaposhuka kutoka mita 15 hadi 40, na milango ya mwamba ambayo maji ya ndani hutokea wakati wa kupwa. Usinyooshe njia, panda na kushuka kwenye ukingo kwa mwendo wa nyoka. Mpaka wa maji machafu na maji safi nao ni mzuri, kama ule unaotokea mbele ya mto Sabaki karibu na Malindi au nje ya delta ya Rufiji baada ya mvua. Pita upande wa maji safi. Ndege wakipiga mbizi, zunguka kundi la dagaa pembeni. Ukilikata katikati linazama.

Saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi ndio muda wenyewe. Wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) mkondo una nguvu na samaki wanachangamka, ila kwenye Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya Pemba na bara, bamvua likikutana na upepo wa kusi bahari huchafuka, na boti ya futi 20 haina kazi huko. Pokea utabiri wa bahari kabla ya kutoka. Mipaka ya hifadhi ijue pia: ndani ya Kisite, kusini mwa Kenya, hakuvuliwi kabisa.

Akishika

Usizime injini. Endelea taratibu sekunde chache ili mshipi usilegee, mwenzako akivuta mishipi mingine. Nguru hukimbia mara moja kwa nguvu, hutulia, halafu akiiona boti hukimbia tena. Wengi hupotea kwenye mbio hizo za pili kwa sababu mvuvi ameshakaza mkono. Mpe mshipi. Mlete upande usio na rafadha, mchome kulabu yenye mpini mgongoni nyuma ya kichwa, umwingize kwa mkono mmoja bila kusita, na umpige kichwani kabla ya kugusa ndoana. Toa ndoana kwa koleo, si kwa vidole. Meno yake hukata hata akiwa amekufa.

Mkate chini ya mashavu damu itoke, toa matumbo, na umlaze kwenye barafu iliyopondwa, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Jamii ya nguru na jodari ikiachwa juani hutengeneza histamini, ambayo haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha, na mlaji huvimba uso na kuumwa kichwa. Tumbo lake lijaze barafu pia, na maji yanayoyeyuka yamwage kila baada ya saa mbili.