Kisiwani, mjihadhari na mbu wa mchana: namna ya kumaliza likizo bila homa

Wageni wengi wa visiwa vya joto hujikinga usiku tu. Jua likizama hujipaka dawa na kushusha chandarua, lakini mchana kutwa hukaa kivulini miguu wazi. Hapo ndipo homa za virusi za dengi, chikungunya na zika zinapowapata. Mbu anayezibeba, Aedes, ni mdogo mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, na hupenda kujificha chini ya meza na kuuma vifundo vya miguu. Anofelesi wa malaria yeye hushika zamu kuanzia machweo hadi alfajiri. Basi kinga ni ya saa 24.

Muone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, na umtajie kisiwa chenyewe, si nchi tu, maana visiwa vya nchi moja huweza kutofautiana kabisa kwa malaria. Akikuandikia vidonge vya kinga, uliza vinaanza lini na vinaisha lini: doksisaiklini huanza siku 1 au 2 kabla ya kufika na huendelea wiki 4 baada ya kuondoka. Wengi huacha wakishafika nyumbani, na malaria hupita hapo hapo. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, aulize habari za zika kabla ya kulipia tiketi, kwani virusi hivyo humdhuru mtoto tumboni na huambukizwa pia kwa kujamiiana.

Dawa ya kujipaka ichaguliwe kwa kusoma kibandiko, si kwa harufu. Tafuta kiambato cha kufukuza mbu: DEET asilimia 20 hadi 30, au pikaridini asilimia 20. Zote hukinga kwa saa kadhaa. Jasho na kuogelea hufupisha muda huo, kwa hiyo ukitoka majini jipake upya. Kosa kubwa ni kuacha mapengo: nyuma ya magoti, visigino, masikio, shingo. Mbu hahitaji zaidi ya sehemu moja uliyoisahau. Losheni ya kukinga jua hutangulia. Iache ikauke dakika 15 hadi 20, kisha dawa ya mbu juu yake. Usinunue ile iliyochanganya vyote viwili, kwa sababu kinga ya jua hurudiwa kila saa 2 na utajikuta unajipaka dawa kupita kiasi. Usoni, mimina kwanza kiganjani ndipo upake, ukikwepa macho na mdomo. DEET huharibu plastiki, kwa hiyo futa mikono kabla ya kushika miwani au saa. Mtoto wa chini ya miezi 2 hapakwi chochote. Afunikwe chandarua, hata kwenye kigari chake. Mafuta ya mkaratusi wa limau, dawa nyingine ya mbu, hayafai kwa aliye chini ya miaka 3.

Nguo ziwe pana na ndefu, maana iliyobana mwili mbu huidunga. Zipulizie permethrini, dawa ya kuua wadudu, ya asilimia 0.5 ukiwa nje, zianike zikauke kabisa, ndipo uvae. Hii ni ya nguo tu, haipakwi mwilini.

Ukifika chumbani, kabla ya kufungua begi, kagua wavu wa madirisha na chandarua. Tundu lizibe kwa uzi au plasta, na pindo lichomekwe chini ya godoro kabla giza halijaingia. Mwaga maji ya vasi, sahani za vyungu na ndoo za bafuni, kisha sugua kuta zake: mayai ya Aedes hung'ang'ania ukingoni juu ya maji na hustahimili ukavu kwa miezi. Feni iwashe, kwani mbu hushindwa kuruka kwenye upepo. Bangili za mbu na vifaa vya kutoa sauti ni hasara ya pesa.

Homa ikipanda, pima malaria siku hiyo hiyo, hata kama umesharudi kwa miezi kadhaa, na mwambie daktari ulikokuwa. Dengi huonekana siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu. Meza parasetamoli kwa kipimo cha kwenye pakiti na unywe maji mengi. Aspirini na ibuprofeni usiziguse mpaka dengi iondolewe shaka, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu. Tafadhali usijiachie homa inaposhuka, maana siku 1 au 2 zinazofuata ndizo za hatari zaidi. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au kuhangaika bila sababu ni dalili za kukimbilia hospitali mara moja. Na mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana kwa wiki nzima ya kwanza, kwani mbu akimuuma yeye ataipeleka homa hiyo kwa wenzake wa nyumbani.