Biodizeli isikuharibikie kwenye pipa

Wengi tunaotengeneza biodizeli (mafuta ya injini badala ya dizeli) ya mafuta yaliyokaangia chipsi huku Moshi na Arusha tunahangaika sana na kupika, ikishatoka safi tunaisukumia stoo tu, kumbe inaharibikia hukohuko. Mwaka jana niliacha pipa nusu toka masika mpaka Julai, kuja kuweka kwenye jenereta filta ikaziba na utelezi mweusi ndani ya siku mbili. Iliniuma kwa kweli.

Shida kubwa ni hilo pipa nusu. Pale juu pana hewa, na hewa ndo inayochachua mafuta, alafu mchana bati linawaka, usiku baridi ya mlima inashuka, unyevu unageuka matone yanadondokea ndani. Biodizeli inanyonya maji kuliko dizeli ya sheli, yakizidi yanatuama chini, na hapo maji yanapokutana na mafuta vijidudu vinazaliana, ule utelezi ndo wenyewe. Kwa hiyo jaza mpaka karibu na mdomo, acha nafasi kidogo tu ya kutanuka, funga kisawasawa, ikipungua hamishia kwenye madumu madogo. Kila wiki mbili fungua koki ya chini utoe maji.

Pipa la plastiki gumu la bluu linafaa, au la chuma lisilo na kutu. Koki za shaba na ndoo za mabati achana nazo kabisa, shaba na zinki vinaharakisha kuchacha. Weka kivulini, mwanga nao unaharibu.

Sasa Julai kule Arusha asubuhi unaweza kuikuta imekuwa nzito kama uji, tafadhali usimwage! Ya mawese inaanza ukungu wa kuganda kwenye nyuzi 13 mpaka 16 hivi, ya alizeti inavumilia mpaka karibu na sifuri. Haijaharibika, ingiza dumu ndani kwenye joto usubiri iyeyuke, moto usisogeze.

Kabla ya kutumia mimina kidogo kwenye chupa ya kioo ilale usiku mzima sehemu yenye joto. Ikibaki na ukungu ina maji. Ikinuka kama rangi ya mafuta iliyokaa sana na inanata, imeshachacha hiyo, asidi imepanda, na kiwango cha Marekani cha ASTM D6751 kinataka asidi isizidi 0.50 (miligramu za KOH, ile magadi kali ya kupimia asidi, kwa kila gramu ya mafuta), usiipeleke kwenye injini ya mtu. Isiyo na dawa ya kuzuia kuchacha haitakiwi kupita miezi 6, ila kwa joto la Moshi mi naishia mitatu, ndo maana kila pipa naliandika tarehe kwa maka peni siku hiyohiyo ninayolijaza.