Miezi mitatu ya baridi chomboni: tunavyokaa Lagos ya Ureno, wawili na uzee wetu

Lagos ninayoizungumzia si ile ya Nigeria. Ni mji mdogo wa bandari kusini mwa Ureno, mkoa wa Algarve, ambako mimi na Baba Salma tumekaa misimu mitano ya baridi ndani ya chombo chetu cha futi 36. Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Kuze, Mombasa. Yeye ni mtu wa Lamu, fundi wa mitambo ya meli aliyefanya kazi Southampton mpaka akastaafu. Kila mwaka jamaa zetu walioko Uingereza huniuliza kama jambo hili linawezekana kwa watu wa umri wetu. Linawezekana, na nitaeleza tunavyofanya, maana mengi tuliyajua kwa kuumia.

Anzeni na kalenda kabla ya kufikiria chombo. Tangu mwanzo wa 2021, mwenye pasipoti ya Uingereza anaruhusiwa kukaa nchi za Schengen, Ureno ikiwemo, siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Kutoka Desemba 1 hadi Februari 28 ni siku 90 kamili. Mwaka wa kwanza tulikaa hivyo hivyo, na siku mbili kabla ya kuondoka nikapata homa. Nilisafiri nikitetemeka kwa kuwa hatukuwa na siku hata moja ya akiba. Acheni siku tano. Wapo wanaoomba viza ya D7, ile ya wenye pensheni, lakini ukishapewa ukaazi hutakiwi kuwa nje ya Ureno muda mrefu, kwa hiyo haimfai anayekuja kwa baridi tu kisha arudi kwa wajukuu. Mwenye pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya hesabu hii haimhusu.

Chombo nacho kina hesabu yake. Kama hakina ushahidi kwamba kodi ya VAT ililipwa ndani ya Umoja wa Ulaya, na wenyewe ni wakazi wa Uingereza, kinaruhusiwa kukaa humo miezi 18, kisha lazima kitoke. Sisi tulikipeleka Tangier, Morocco, mwezi wa Juni, ili siku za safari ile zisigongane na zile za baridi. Njia hiyo ina nyangumi weusi na weupe waitwao orka, ambao tangu 2020 wamekuwa wakizigonga na kuzivunja sukani za mashua kwenye pwani za Ureno na Hispania. Baba Salma aliambaa na pwani, kwenye kina kisichozidi mita 20, kila palipowezekana. Nilisoma dua zote nizijuazo. Hatukuwaona.

Sasa nafasi ya kufungia. Marina ya Lagos iko ndani ya mfereji, nyuma ya daraja la waenda kwa miguu linaloinuliwa chombo kinapopita. Unawaita kwa redio, chaneli 9. Imejificha vizuri na dhoruba za kusini-magharibi. Omba nafasi mapema, na ukiandika usiulize bei peke yake. Uliza umeme na maji vimo ndani ya bei au vinapimwa kwa mita. Uliza bafu liko umbali gani na nafasi yenyewe, kwa sababu mtu wa miaka 71 huamka usiku. Uliza pia kama gati lina kiungo cha pembeni kirefu cha kushukia, au ni kile kifupi kinachoyumba ukikikanyaga. Sisi hulipia zaidi kidogo tukapata kirefu, na kwa gharama zote za chomboni hiyo ndiyo nisiyoijutia.

Magati yanaelea, kwa hiyo hupanda na kushuka na maji. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa hupita mita 3, kama kwetu Mombasa, na maji yakipwa ile njia ya kuteremkia gatini huwa mteremko mkali. Mimi hubandika jedwali la maji juu ya jiko, na siku ya kununua viazi na maji ya kunywa naenda sokoni kwa saa ambayo nitarudi yakiwa yamejaa. Magoti yangu yanajua tofauti.

Msidhani mtakuta joto la kaskazi la Mombasa. Januari mchana ni nyuzi 15 au 16, na usiku hushuka hadi 8. Jua la adhuhuri, ukikaa pasipo na upepo, hupasha mifupa mpaka unavua sweta. Lakini jua likitua, baridi inaingia kwa miguu. Na mvua nyingi ya mwaka hunyesha miezi hiyohiyo.

Adui mkubwa si baridi yenyewe, ni jasho la chombo. Watu wawili wanapumua, wanapika, wanaanika taulo, na mvuke wote huo unakwenda kujishikiza kwenye ukuta baridi. Mwaka wa kwanza niliinua godoro wiki ya tatu nikakuta upande wa chini umelowa na umeota madoa meusi ya kuvu, na kifua cha Baba Salma kilikuwa kimeshaanza kukohoa. Tulilitupa. Sasa chini ya godoro tumeweka chaga za mbao, kama za kitanda cha nyumbani, hewa ipite. Kila asubuhi naliinua lisimame nusu saa. Milango ya makabati haifungwi kabisa. Nguo hazigusi ukuta wa chombo. Nimeweka mkeka mwembamba katikati. Ukipika, weka kifuniko kwenye sufuria na fungua kidirisha kilicho juu ya jiko hata kama kunanyesha. Na nunueni mashine ya kukausha hewa, ile inayotumia chembe za kunyonya unyevu, maana aina ya kompresa hulegea kwenye baridi. Yetu hutoa maji karibu lita mbili kwa usiku. Ukiyaona yale maji ndooni asubuhi ndipo unapoelewa ulikuwa unalala ndani ya nini.

Umeme mfanyieni hesabu. Nguzo nyingi hutoa ampea 16, kwa volti 230, yaani wati 3,680 na hakuna zaidi. Hita yetu ya umeme, ile yenye mafuta ndani, hula 1,500, mashine ya kukausha 600, na birika la umeme 2,200. Jumlisha: umeshapita, na gati zima litasikia ukienda kuwasha swichi tena na nguo za kulalia. Hita ikiwa inawaka, chai inachemshwa kwa gesi. Mitungi ya gesi ya Uingereza haibadilishwi Ureno, kwa hiyo njooni na kiunganishi cha mtungi wa huku. Na kama muuguzi nasema hili kwa msisitizo: msiingize jiko la makaa ndani hata kwa dakika tano za kuchoma mkate wa mofa. Moshi usioonekana unaua watu wamelala. Wekeni king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi karibu na mnapolaza kichwa, na mkijaribu kila Jumapili.

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Usiku wa Januari, msimu wa pili, Baba Salma alirudi na mfuko wa machungwa mkono mmoja na mkate mkono wa pili. Umande ulikuwa umelowesha gati. Alipanua mguu kupanda chomboni na kiatu kikateleza. Nilisikia kishindo kimoja, kisha machungwa yakidunda kwenye mbao. Nilipotoka alikuwa majini baina ya gati na ubavu wa chombo, kinywa wazi, anahema haraka haraka bila kuweza kunijibu. Nililala kifudifudi nikamshika kifundo cha mkono. Miaka 30 nimegeuza wagonjwa vitandani, na sikuweza kumwinua hata inchi moja. Ngazi yetu ya tezi, yaani ya nyuma ya chombo, ilikuwa imekunjwa juu na kufungwa kwa kamba, nasi wenyewe ndio tulioifunga, ili isigonge. Jirani Mholanzi alikuja mbio, akampitishia kamba chini ya makwapa, tukamvuta mpaka kwenye ngazi ya gati, nafasi nne mbele.

Maji yalikuwa kama nyuzi 15. Katika dakika ya kwanza au mbili mwili hushtuka na pumzi haitawaliki. Ukijitahidi kuogelea wakati huo unameza maji. Shika kitu, inua uso, subiri pumzi irudi, ndipo uite. Aliye juu asiruke majini. Amshike mwenzake, apige kelele, apige simu ya dharura, 112. Akitoka, mlazeni, mvueni nguo zote mbichi, mfunikeni blanketi na kichwa pia. Msimsugue mikono na miguu, wala msimsimamishe kwenda kuoga maji ya moto.

Tangu siku ile ngazi yetu hushushwa na mtu aliye majini, kwa kuvuta kamba nyekundu inayoning'inia karibu na maji. Tuliijaribu kiangazi, nikaingia mimi mwenyewe kwanza. Tumebandika mkanda wa kuzuia kuteleza pale pa kukanyaga, tumeweka taa inayojiwasha mtu akipita, na mzigo hutangulia: unauweka sitahani, kisha mikono yote miwili inashika. Usiku anayetoka peke yake huvaa jaketi la kuokolea, iwe ni kwenda bafuni tu. Nunueni ngazi kabla ya mashine ya kahawa.

Dawa njooni nazo za miezi yote mitatu, na karatasi ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, si la kampuni. Famasia utazijua kwa msalaba wa kijani. Kadi ya GHIC, ile ya Uingereza ya matibabu ukiwa Ulaya, iwe pochini.

Chakula ndicho kilichonifanya nipapende. Soko la samaki liko barabara ya ukingo wa maji, ng'ambo ya daraja. Jumatatu samaki huwa wachache kwa kuwa wavuvi wengi hupumzika Jumapili. Pweza, ngisi, na carapau, ambaye ni wa ukoo mmoja na kolekole wetu. Jumamosi wakulima huleta mazao karibu na kituo cha basi, na hapo mtafute viazi vitamu vya Aljezur, ngozi ya zambarau, ndani njano. Navipika kwa tui la kopo na iliki, kama vya futari. Machungwa ya Algarve hukomaa baridi hiyohiyo, na yana utamu ambao machungwa ya dukani Uingereza hayaujui.

Na lugha isiwatishe, mnayo nusu tayari. Baba Salma aliingia duka la vifaa vya mashua akitafuta skrubu za pampu. Kiingereza hakikueleweka. Akainua ile iliyoliwa na kutu akasema mwenyewe kwa Kiswahili, "Parafujo hii." Mzee wa dukani akaruka: "Parafuso!" na akavuta droo nzima. Wakaendelea hivyo: bomba, meza, kopo, bendera, leso, kasha. Wareno walifika pwani yetu 1498 na wakaitawala Mombasa kutoka ngome yao mpaka 1698, na maneno wakayaacha.

Kuna kingine kilichoachwa mjini hapa, nacho msikipite. Mnamo 1444 watu zaidi ya 200 waliotekwa pwani ya Afrika Magharibi waliteremshwa Lagos na kugawanywa kama ng'ombe. Mnamo 2009, wakichimba kwa ajili ya maegesho ya magari, walikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 iliyotupwa kwenye jaa nje ya ukuta wa mji wa kale. Makumbusho yake ni madogo, saa moja inatosha kuyazunguka. Sisi hwenda kila msimu, siku ya kwanza baada ya kufika, tukawaombea dua.

Wawili ndani ya mita 11 wanahitaji kuachana. Sisi tuna desturi: baada ya kahawa ya asubuhi yeye huenda kwa wenzake wa mashua, mimi natembea ufuo wa Meia Praia, na hatuonani mpaka adhuhuri. Jumatano tunapanda treni, kituo kiko nyuma ya marina. Mwenye miaka 65 hulipa nusu nauli akionyesha kitambulisho. Tukigombana, hatugombani chomboni. Tunatoka hadi gatini. Kibla ni karibu mashariki kamili, na chombo kikiwa kimefungwa hakizunguki, kwa hiyo mahali pa mswala ni palepale siku zote.

Wiki ya mwisho tunafunga taratibu. Kamba zinakaguliwa pale zinapopita kwenye chuma, na iliyoanza kuchanika inabadilishwa leo, si mwakani; kila kona tunaongeza ya pili. Valvu zote za maji ya bahari zinafungwa, ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, inakaushwa kwa kitambaa, friji inaachwa wazi na taulo mlangoni. Magodoro yanasimamishwa. Gesi inazimwa kwenye mtungi. Ufunguo mmoja anabaki nao yule Mholanzi, ambaye hupita kila Ijumaa kuangalia kina cha maji ndani na kunitumia picha. Kabla ya kwenda kituoni, napita ofisini kuandikisha nafasi yetu ya Desemba ijayo, ileile yenye kiungo kirefu.