Mlo kamili kwa bajeti ya Dar: anza na sufuria ya ugali

Shemeji yangu alirudi kutoka kliniki na ushauri wa mstari mmoja: presha imepanda, ale mlo kamili. Nilipofika kwake Tabata alikuwa ameshanunua asali, mbegu za chia na mkate wa brauni, na hela ya chakula ya wiki imekwisha. Tukakaa tukapanga upya. Nilichomwelekeza ndicho hiki, na msishangae hatua ya tatu ikiwa ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Hesabu makundi kwenye unachokula sasa

Makundi ni sita: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika; mikunde pamoja na karanga na mbegu za mafuta; vyakula vinavyotokana na wanyama, yaani nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa; mboga; matunda; halafu mafuta. Andika ulichokula jana, uone umegusa mangapi. Chai na maandazi ni nafaka na mafuta, sukari juu. Chipsi mayai angalau kuna yai, ila kachumbari ya vijiko viwili mimi siihesabu kuwa mboga. Wali maharage na mchicha wa mama ntilie tayari ni makundi manne, ukihesabu na mafuta ya kupikia. Anayempita mama ntilie kwenda kununua baga eti anakula vizuri, hilo ni lake.

Hatua ya 2: Gawa sahani

Nusu ya sahani mboga na matunda, robo wanga, robo maharage, samaki au nyama. Kwa mtu anayekaa ofisini Posta, ugali wa ukubwa wa ngumi yake unatosha. Anayebeba zege saiti ataongeza, hilo halina ubishi.

Nyumba inayokula sinia moja haiwezi kupima robo. Hapo badilisha vyombo: mboga iingie bakuli kubwa, ugali ukae sahani ndogo, na usiongezwe mpaka mboga iishe. Kwa mama ntilie sema tu, "Mama, wali nusu, mboga uniongezee."

Hatua ya 3: Toka kwenye sembe, ingia kwenye dona

Dona ni unga wa mahindi yasiyokobolewa, sembe ni wa yaliyokobolewa. Ganda na kiini vimeondoka, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kwa kuwa ugali unaliwa karibu kila siku, ukibadilisha unga umebadilisha mlo wa mwaka mzima. Lakini watu wengi wanajaribu dona mara moja, linachacha au linakuwa chungu, watoto wanalikataa, wanarudi kwenye sembe. Tatizo huanza sokoni.

Nunua mahindi mwenyewe, Tandale au Manzese, usiogope kuyagusa. Punje kavu ukiiuma inapasuka kwa mlio. Yenye unyevu inabonyea. Kama huamini meno yako, weka punje kiasi kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, funga, tikisa, kisha uache dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado ni mabichi, yaache hapo hapo.

Ukifika nyumbani, chambua. Hapa sitaki mkato. Toa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Ukungu huo unaweza kutengeneza sumukuvu, ambayo huharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho, haina harufu ya kuaminika, na moto wa jikoni hauiondoi. Na jambo ambalo wapenzi wa dona hatupendi kulisema: sumu hiyo hujaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zile zile tunazozibakiza. Kukoboa huipunguza. Kwa hiyo mahindi yakiwa na mashaka, kula sembe mpaka upate mahindi mazuri. Punje mbovu usimwagie kuku, maana sumu inaweza kurudi kwako kupitia mayai.

Mahindi yakiwa na vumbi, pepeta. Ukiyaosha, yaanike juani kwenye turubai mpaka yapite tena ule mtihani wa chumvi. Kuyapeleka mashineni yakiwa na unyevu ndiko kunakoleta unga wa uchachu.

Mashineni sema wazi: "Usikoboe, saga moja kwa moja," na uombe chekeche la tundu dogo. Unga unatoka ukiwa wa moto. Usiufunge kwenye mfuko hapo hapo ukapanda nao bodaboda ukausahau. Utatoa jasho ndani na kushika ukungu. Ukifika, utandaze kwenye sinia safi upoe kabisa, ndipo uutie kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya stuli, mbali na sakafu. Saga wa wiki mbili tu. Kiini cha mahindi kina mafuta, na kwa joto la Dar mafuta hayo huharibika upesi. Uchungu unaolalamikiwa mara nyingi ni huo.

Kupika: anza na uji, uache uchemke vizuri kama dakika kumi. Dona linataka maji mengi kuliko sembe na muda mrefu zaidi. Ongeza unga kidogo kidogo, songa, kisha funika kwa moto mdogo kabla ya kuepua. Familia ikigoma, changanya nusu kwa nusu na sembe, uongeze dona taratibu bila kutangaza.

Nikiwa hapo hapo kwenye unga: ule wa "lishe" wenye nafaka sita, karanga na soya vilivyosagwa pamoja siupendi. Nafaka sita bado ni kundi moja. Karanga huharakisha unga kuharibika, nazo hushambuliwa sana na sumukuvu. Pika uji wa nafaka moja, ongeza maziwa au karanga nzuri ulizozisaga siku hiyo.

Hatua ya 4: Maharage na dagaa

Loweka maharage usiku, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi. Pika mengi, gawa kwenye vikontena, gandisha. Gesi itakushukuru.

Dagaa wa Mwanza wana mchanga, waoshe kwa maji moto mara kadhaa. Wa Kigoma ni safi zaidi, na bei yao inajua hivyo. Wote unawala na mifupa, kwa hiyo unapata kalisi.

Hatua ya 5: Mboga

Osha kabla ya kukata. Mchicha na matembele ni dakika chache tu. Magadi usitie, yanaharibu vitamini. Kisamvu pekee ndicho kinachotwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kwa sababu kibichi kina sumu. Weka mafuta kidogo au karanga, maana vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Tui la nazi liwe la siku moja moja.

Hatua ya 6: Yaliyobaki

Tunda ulile lenyewe, usilikamue juisi. Nunua la msimu: machungwa ya Muheza yakijaa sokoni, kula machungwa.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na vidonge vya mchuzi vinahesabiwa humo. Kwa presha ya shemeji, hapa ndipo tulipobishana zaidi. Soda nyingi za kawaida zina karibu gramu 10 za sukari kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja tu imekula sehemu kubwa ya gramu 50 ambazo mtu mzima hapaswi kuzivuka kwa siku. Chai ya rangi inywe saa moja hivi baada ya chakula, isizuie madini ya chuma ya mchicha na maharage kufyonzwa. Limao kamulia kwenye mboga, lenyewe linasaidia.