Kutoka kwa Petro hadi kwa Paulo: jinsi ya kuzunguka makanisa ya kale ya Roma kwa miguu na kwa metro

Tangu Floribert Bwana Chui, kijana wetu wa Goma, atangazwe mwenyeheri, hatua iliyo kabla ya kutangazwa mtakatifu, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta tarehe 15 Juni 2025, waumini wa hapa kwetu wanaojaliwa kufika Roma huniuliza jinsi ya kulifikia kanisa hilo bila kupotea, na jinsi ya kuyaona mengine kabla ya nguvu kuwaishia. Nilikwenda huko na kundi dogo la mahujaji wa jumuiya zetu za msingi, wazee wakiwamo. Jambo moja nililojifunza ndilo linaloongoza maelezo haya yote: metro, yaani treni ya chini ya ardhi, ni ya kuvukia masafa marefu, na miguu ni ya kuunganishia makanisa yaliyo jirani. Wengi wetu hufanya kinyume. Hupanda metro kwa mwendo wa dakika kumi na tano, huchoka kwa ngazi na msongamano, na jioni inapoingia huwa hawajamfikia Paulo.

Roma ina njia tatu za metro: A yenye rangi ya machungwa, B ya buluu na C ya kijani. Kwa safari hii unahitaji A na B tu, ambazo hukutana mahali pamoja, Termini, chini ya kituo kikuu cha treni. Ukiwa Termini, shika njia A inayoelekea Battistini, na kituo cha sita ni Ottaviano, kilicho karibu na Mtakatifu Petro. Ukishika njia B inayoelekea Laurentina, kituo cha sita ni Basilica San Paolo. Sita huku na sita huku. Hata mzee asiyesoma Kiitaliano anaweza kuvihesabu kwa vidole. Jina linaloandikwa penye njia ya kushukia jukwaani ni la kituo cha mwisho, si la kanisa unalolitafuta, kwa hiyo kariri matano haya kabla ya kuondoka nyumbani: Battistini na Anagnina ni miisho ya njia A, Laurentina ni mwisho wa kusini wa njia B, ambayo upande wa kaskazini hugawanyika na kuishia Rebibbia au Jonio.

Tiketi ya kawaida, ambayo tuliilipia yuro 1.50, hudumu dakika 100. Ndani ya muda huo unaweza kubadilisha mabasi na tramu upendavyo, lakini metro unaingia mara moja tu. Unaruhusiwa kuhama kutoka njia A kwenda B chini kwa chini, ila ukishatoka getini umeimaliza. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa sababu hutoka nje kutazama kanisa kisha hurudi na tiketi ileile, wakakuta geti limefungwa. Anayepanga kuingia metro mara nyingi kwa siku moja anunue tiketi ya saa 24. Mwenye kadi ya benki inayolipa kwa kugusishwa anaweza kuigusisha getini moja kwa moja, lakini kila mtu awe na kadi yake mwenyewe. Tunza tiketi mpaka utoke nje, maana wakaguzi wapo.

Anza asubuhi sana kwa Petro. Basilika hufunguliwa saa moja asubuhi, na kuingia hakulipiwi. Kinachochelewesha ni foleni ya ukaguzi wa usalama uwanjani, ambayo ifikapo saa nne huwa imezunguka nguzo. Kutoka Ottaviano fuata barabara ya Via Ottaviano hadi uwanja wa Risorgimento, kisha tembea kando ya ukuta wa Vatikano mpaka nguzo za Bernini zikufungukie mbele. Ni dakika kumi hivi. Mabega na magoti yafunikwe. Akina mama wetu waliovaa vitenge hawakuulizwa neno, lakini kijana mmoja mwenye kaptula alirudishwa mlangoni, na kundi zima likamsubiri. Siku ya Jumatano asubuhi, Baba Mtakatifu anapokutana na mahujaji uwanjani, usitegemee kuingia kanisani mapema.

Neno moja kuhusu viatu. Mitaa ya kale ya Roma imetandikwa vijiwe vyeusi vinavyoitwa sampietrini, vilivyochongwa kutoka mawe ya volkeno. Mtu wa Goma atavitambua mara moja kwa rangi na kwa uzito. Tofauti ni kwamba vile vimesuguliwa na miguu na magurudumu ya miaka mingi hata vikawa laini, na mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Aliyezoea kukanyaga mawe yetu ya lava yenye makali hudhani ana uzoefu wa kutosha, kisha anaanguka. Vaa viatu vyenye soli ya mpira iliyo nene. Maji usinunue: mitaani kuna mabomba madogo ya chuma yanayotiririsha maji safi ya kunywa mchana na usiku, hivyo beba chupa tupu.

Kutoka kwa Petro rudi Ottaviano, panda njia A kuelekea Anagnina na ushuke kituo cha tisa, San Giovanni. Hiki ndicho kiini cha safari, kwa kuwa ni safari moja ya metro inayokuletea makanisa matatu makuu ya kutembelewa kwa miguu. Humo ndani bana mkoba wako kifuani, kwani wezi wa mifukoni huipenda njia A, hasa milango inapokaribia kufungwa.

Ukitoka nje, pita kwenye matao ya ukuta wa kale wa mji, na Basilika ya Mtakatifu Yohane wa Laterani itakuwa mbele yako. Wengi hushangaa kusikia kwamba kanisa kuu la Askofu wa Roma ni hili, wala si la Petro. Ndiyo maana huitwa mama na kichwa cha makanisa yote. Milango yake mikubwa ya shaba ililetwa kutoka jengo la Baraza la Kirumi la kale. Iguse, ni mizito na ni baridi hata wakati wa kiangazi. Ng'ambo ya barabara kuna Ngazi Takatifu, zenye vipandio 28 ambavyo hupandwa kwa magoti tu. Asiyeweza kupiga magoti asikate tamaa: pembeni kuna ngazi za kawaida zinazofika juu palepale. Mama mmoja wa kundi letu, mwenye magoti mabovu, alipitia pembeni na kutusubiri juu akiwa amekwisha kusali rozari nzima.

Sasa elekea mashariki kwa barabara ya Viale Carlo Felice, ukuta wa kale ukiwa kuliani kwako, na baada ya dakika kumi utafika Msalaba Mtakatifu wa Yerusalemu, kanisa ambalo mapokeo yanalihusisha na Mtakatifu Helena na masalia ya Msalaba. Angalia saa. Basilika kuu nne, yaani ya Petro, ya Laterani, ya Bikira Maria Mkuu na ya Paulo, hukaa wazi mchana kutwa, lakini makanisa mengine mengi hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Likiwa limefungwa, usikae mlangoni ukisubiri, endelea mbele.

Rudi Laterani, kisha ingia barabara ya Via Merulana. Imenyooka kama kamba, na mwisho wake ni Basilika ya Bikira Maria Mkuu. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa hatua za mzee. Sisi siku ya kwanza hatukujua hilo. Tulipanda metro San Giovanni, tukabanana hadi Termini, na katika zile ngazi za umeme tukatenganishwa na mzee wetu mmoja, tukamtafuta karibu saa nzima. Siku ya pili tulitembea chini ya miti ya Via Merulana, tukiimba polepole, na hakuna aliyepotea.

Kwa Bikira Maria Mkuu jipe muda. Michoro ya vijiwe vya rangi kwenye kuta za juu na kwenye tao kuu ni ya karne ya 5, wakati wa Papa Sixtus III, baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 uliothibitisha kwamba Maria ni Mama wa Mungu. Kushoto kuna kikanisa chenye picha ya kale ya Bikira Maria ambayo Papa Fransisko alizoea kuja kusali mbele yake kabla na baada ya kila safari, ikiwamo ile ya Kinshasa mwaka 2023, alipowasimulia vijana habari za Floribert. Karibu na hapo ndipo alipozikwa tarehe 26 Aprili 2025. Kaburi halina pambo. Limeandikwa FRANCISCUS tu, na foleni yake husogea haraka. Mwenye nguvu bado avuke barabara hadi kanisa dogo la Mtakatifu Praksede, lililojificha katika kichochoro. Michoro yake ya karne ya 9 inameta dhahabu gizani, nami naiweka juu ya mengi yaliyo makubwa zaidi.

Kutoka hapo shuka kwa miguu Via Cavour hadi kituo cha Cavour cha njia B. Juu ya ngazi zilizo jirani na kituo kuna kanisa linalotunza minyororo ya Mtakatifu Petro na sanamu ya Musa ya Michelangelo. Panda treni ya Laurentina. Kutoka Cavour, Basilica San Paolo ni kituo cha tano.

Kituoni utatokea upande wa nyuma wa kanisa, na kuna mlango wa ubavuni unaokuvuta uingie mara moja. Usiufuate. Zunguka mpaka mbele, upande wa mto, uingie kupitia ua wenye nguzo na sanamu ya Paulo aliyeshika upanga. Kanisa la kale liliteketea kwa moto usiku wa tarehe 15 Julai 1823, likajengwa upya na kutabarukiwa mwaka 1854. Sisi ambao lava ya volkeno ya Nyiragongo ilituchukulia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu mwaka 2002 tunaingia humo kwa moyo wa pekee. Tembea taratibu katikati ya nguzo 80 za mawe ya itale, ukitazama juu picha za mapapa wote tangu Petro, hadi altareni. Kibanda cha marumaru kilicho juu ya altare, cha mwaka 1285, kilinusurika moto. Chini yake ndipo alipolala Paulo, na kwa ngazi chache unaweza kushuka ukasali mbele ya kaburi lake.

Ni katika basilika hii kijana wa miaka 26, aliyekataa rushwa ili chakula kilichooza kisivushwe mpakani kwetu, na akauawa Julai 2007, alipotajwa miongoni mwa wenyeheri.

Ikiwa jua bado lipo, rudi kwa njia B hadi Circo Massimo, utembee nusu saa kufuata uwanja wa kale na mto hadi kisiwa cha Tiber, kwenye kanisa la Mtakatifu Bartolomayo, ambamo Jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki aliyokuwa mwanachama wake Floribert, inatunza kumbukumbu za mashahidi wa karne ya 20 na ya 21. Dakika kumi zaidi ng'ambo ya mto zitakufikisha Santa Maria in Trastevere, ambako jumuiya hiyo husali jioni saa mbili na nusu. Kwenye matangazo yao imeandikwa 20:30. Eneo hilo halina metro. Baada ya sala panda tramu namba 8 hadi Piazza Venezia, na kutoka hapo mabasi ya kwenda Termini hupita mara kwa mara.